Sahani Tupu ya Kitanda cha Nne

Kama kulikuwa na mtu Doha nzima aliyejua mwanaanga anahitaji gramu ngapi za chumvi kwa siku, basi ni Kawira wa Muaither, naye alikuwa tayari kukuambia hata kama hukumuuliza. Ungekutana naye kanisani Ijumaa, maana Doha ibada ni siku hiyo, una sambusa yako mkononi, angeitazama kwa huruma na kukueleza kwamba hiyo huwezi kwenda nayo angani. Ina makombo, na makombo huko juu hayaanguki chini. Huelea mpaka yakaingia kwenye mashine au kwenye jicho la mtu. Watu wapole walisema "kumbe," wakageuka upande kumalizia sambusa zao.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Nkubu, kule Meru, akasomea lishe Nairobi, akaja Qatar kuwapangia chakula wagonjwa wa figo. Miaka sita iliyopita alihamia taasisi moja ya utafiti pembezoni mwa Al Rayyan, jengo la kijivu lisilo na hata picha ya roketi ukutani. Nyumbani ndugu zake waliamini kwamba anapika ndani ya chombo cha angani. Hakuwahi kuwasahihisha kwa nguvu.

Ukweli ni kwamba pale hakuna aliyeruka popote. Kazi yao ilikuwa kulaza watu. Mtu akilala siku sitini mfululizo, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, mwili wake hudanganyika ukadhani uko angani. Misuli hulegea, mifupa huanza kumwaga kalsiamu yake kwenye mkojo, damu hupanda kichwani, uso huvimba na pua huziba. Anakula akiwa amelala, anaoga akiwa amelala, na mambo mengine yote pia, ambayo hatuna haja ya kuyataja. Kawira ndiye aliyeamua watu hao wale nini, kisha akapima ni nini kimebaki mwilini na ni nini kimepotea.

Kwa hiyo kila kitu kilipimwa. Chakula kilipimwa kabla ya kwenda wodini, na sahani ikapimwa ikirudi. Mkojo wa saa ishirini na nne ulikusanywa kwenye chupa moja kubwa, ikafungwa saa moja asubuhi na kuandikwa tarehe, kwa hesabu ya siku za kulala. Kanuni ya Kawira ilikuwa moja: chakula chote kiliwe, sahani irudi tupu. Wauguzi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkuu wa utafiti mwenyewe, Daktari Fabian, Mjerumani mrefu mwenye sauti ya taratibu ambaye hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "asante."

Mwaka huo kulikuwa na wanaume wanane waliojitolea kulala. Wawili walipatikana kupitia Kawira. Dominiko alikuwa mlinzi, akiimba kwaya katika kanisa analosali Kawira, na mkataba wake ulikuwa umekwisha huku akingoja mwingine. Dominiko naye alimvuta Harun, dereva kutoka Kilifi, mtu wa mwili mkubwa na tumbo lisilojua kusema hapana, ambaye alikuwa akilala naye chumba kimoja kule Industrial Area, mtaa wa vibarua wa Doha. Dominiko alipewa kitanda cha nne, Harun cha tano. Waliposaini karatasi, Kawira aliwaombea safari njema kwa mzaha, nao wakacheka kwa adabu.

Sasa tuje kwa Virginia, maana hadithi hii ingekuwa fupi sana bila Virginia.

Virginia Wakio alikuwa Mtaita wa Wundanyi, miaka ishirini na tisa, na aliyemleta Doha ni Kawira. Barua yake ya maombi ilikuwa chini kabisa ya rundo. Kawira aliitoa, akaisoma, akaipeleka mwenyewe mezani kwa Fabian. Alimpokea uwanja wa ndege. Alimlaza sebuleni kwake Muaither miezi minne, mpaka chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo kilipopata nafasi. Alimfundisha mizani, alimfundisha kujaza fomu, alimfundisha kwamba hapa huwezi kuvaa kandambili kazini hata kama joto ni la kukausha samaki. Akawaambia na dada zake kwa simu: nimepata mdogo wangu huku.

Hayo yalikuwa mambo ya miaka miwili nyuma. Kisha ikaja barua kutoka Ulaya.

Huko kulikuwa na jiko linalotayarisha chakula cha wanaanga wenyewe, wale wanaopaa kweli, nao walitaka mtu mmoja kutoka Doha akae kwao miaka miwili. Fabian hakutaka maneno. Alisema Kawira atengeneze chakula kimoja cha jioni na Virginia kimoja, vikaushwe, vitiwe kwenye vifuko, wapewe wale wanaume wanane kwa zamu: siku za witiri, yaani ya kwanza, ya tatu na kuendelea, cha Kawira; siku za shufwa, ya pili, ya nne na kuendelea, cha Virginia. Mwisho wa siku sitini, ambaye chakula chake kimeliwa vizuri na kimelinda mwili vizuri ndiye atakayekwenda.

Kawira alikuwa amengoja barua hiyo miaka sita. Alikuwa na koti la baridi kabatini, lenye manyoya shingoni, alilolinunua Doha, mji ambao mtu hutokwa jasho akisimama tu. Hakumwonyesha mtu. Lakini jioni nyingine, Virginia akiwa bafuni, alilivaa akajitazama kwenye kioo.

Chakula chake kilikuwa ndengu zilizopondwa pamoja na ndizi za kupika na mchicha. Kwenye karatasi kilikuwa hakina kasoro. Chumvi kidogo kabisa, maana chumvi ikizidi mifupa hupoteza kalsiamu haraka. Potasiamu ya kutosha. Uzito wa kushika kijiko bila kumwagika. Alikihesabu mpaka tarakimu ya pili baada ya nukta. Virginia alileta kimanga, mihogo na maharagwe ya kwao yaliyopondwa, na Kawira alipokionja mara ya kwanza alifurahi moyoni, kwa sababu kilikuwa kibaya. Kilikuwa kikavu na kilinata kwenye kaakaa.

Lakini baada ya wiki mbili wodini kukawa na kicheko.

Kila jioni ya Virginia, toroli la chakula lilipoingia, Kawira, aliyekuwa kwenye chumba cha mizani, aliwasikia wanaume wakicheka. Harun alikuwa akisema jambo, Dominiko akadakia, na yule msichana naye akacheka hadi akakohoa. Kisha angerudi na daftari lake dogo amelikumbatia kifuani, uso unang'aa. Jioni za Kawira toroli liliingia kimya. "Asante, Madam." "Mungu akubariki, Madam." Sahani zikarudi tupu, safi, kana kwamba zimelambwa.

Wao walimwita Madam. Virginia walimwita Wakio.

Jambo dogo, utasema. Wivu hauhitaji jambo kubwa. Kawira alianza kuhesabu ni mara ngapi neno Wakio linatajwa wodini kwa zamu moja. Alianza kuona kwamba msichana anaimba akiosha vijiko. Aliona jinsi Fabian alivyosimama mlangoni mwa jiko akionja kimanga kwa kidole, na jinsi alivyosema kwamba leo kimebadilika, na kwamba kila wiki kinabadilika. Chake Kawira hakikuwa kimebadilika hata chembe tangu siku ya kwanza. Alijivunia hilo, na hakuna aliyempongeza. Hilo lilimuuma moyo. Usiku wa watu ni wa kulala, yeye alikuwa akigeuka kitandani akijiambia: mimi ndiye niliyemtoa chini ya rundo.

Virginia mwenyewe hakujua, au alijifanya hajui. Asubuhi moja wakiwa garini, wakipita barabara ya Muaither iliyojaa mabasi ya wafanyakazi, alisema taratibu, "Dada, mi nilikuwa nafikiria. Hiyo yako, si ungeweka ndimu kiasi? Na pilipili manga. Hawa watu pua zao zimeziba, hawasikii ladha."

"Ndimu haina kalsiamu," Kawira akasema.

"Najua, dada. Lakini mtu akikosa ladha—"

"Virginia, nilikufundisha kushika mizani ama hukufundishwa?"

"Ulinifundisha, dada."

"Basi."

Kawira alihesabu neno lile kama tusi: kinda amfundishe mama yake kuruka. Aliliweka pamoja na mengine aliyokuwa akiyaweka.

Siku ya thelathini na nane ndipo alipopata alichokuwa akikitafuta.

Wanaume wote walipimwa uzito kila asubuhi, kwenye kitanda chenye mizani. Dominiko alikuwa amepungua kilo moja na nusu. Harun alikuwa ameongezeka mbili. Na wote wawili walipewa chakula kilichokadiriwa kwa miili yao ili uzito usisogee. Sahani zao zilirudi tupu kila siku. Mtu mwingine angesema miili hutofautiana. Kawira alikwenda kwenye majibu ya mkojo, akayapanga siku kwa siku. Potasiamu ya Dominiko, ambayo mkojoni hufuata alichokula mtu, ilikuwa ikishuka siku moja, ikipanda siku moja. Ya Harun ilifanya vile vile, ila kinyume. Moja inashuka, nyingine inapanda. Mtu mmoja alikuwa akila chakula cha wawili, na mwingine akilala na njaa, kila baada ya siku moja.

Alijua hata wanavyofanya. Harun alikuwa akiswali Magharibi akiwa amelala, na Kawira mwenyewe ndiye aliyeagiza kwamba wakati huo kamera ya upande ule izimwe na pazia livutwe, mtu aswali kwa staha. Chakula cha jioni kilifika saa hizo hizo. Pazia lilizunguka kitanda cha nne na cha tano kwa pamoja, na kati ya vitanda hivyo mkono hufika bila mtu kuinua kichwa.

Ilibaki swali moja tu: ni chakula cha nani kinachovuka? Kawira aliangalia tarehe kwenye chupa. Potasiamu ya Dominiko ilishuka tarehe za shufwa. Ya kumi na nane, ya ishirini, ya ishirini na mbili. Siku za shufwa zilikuwa za Virginia.

Alifurahi. Tusimfiche, alifurahi mpaka akaona aibu, kisha akaendelea kufurahi. Kicheko chote kile, daftari lile, Wakio huyu na Wakio yule, kumbe mtu anampa jirani yake chakula chini ya pazia. Alichapa karatasi mbili, akazitia kwenye faili, akafunga droo kwa ufunguo ingawa droo ile hakuna aliyewahi kuifungua.

Asubuhi iliyofuata Virginia alikuwa ameamka kabla yake, amechemsha chai ya tangawizi, akamtilia ya kwenda nayo kwenye chupa. "Dada, umechoka siku hizi," alisema. "Leo niendeshe mimi." Kawira alikaa kiti cha abiria, chai mapajani, faili ndani ya mkoba. Kutoka Muaither mpaka kazini ni dakika ishirini kama hakuna msongamano. Zilikuwa dakika ishirini za kusema, "Mdogo wangu, kuna jambo nimeliona, hebu tulitazame pamoja." Alikunywa chai. Ilikuwa nzuri na hilo pia lilimkera.

Fabian alizisoma zile karatasi mbili akiwa amesimama. Alimwita Virginia. Kawira alieleza kwa Kiingereza safi, bila kupandisha sauti, kwa masikitiko ya mtu ambaye amefiwa na kitu asichokipenda. Alisema hamlaumu mtu. Alisema labda kijana alikuwa na haraka. Alisema jambo kama hili likijulikana Ulaya baada ya matokeo kupelekwa, itakuwa aibu ya jengo zima.

Virginia alizitazama zile tarakimu muda mrefu. "Lakini wangeniambia," alisema hatimaye. "Daktari, wale huniambia kila kitu. Wangeniambia."

"Basi twende tukawaulize," akasema Fabian.

"Twende," akasema Kawira, na tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

Wodini kulikuwa na ubaridi wa mashine. Wanaume walikuwa wamelala vile vile, miguu juu kidogo, nyuso zimejaa kwa damu iliyoteremka. Harun alikuwa akitazama mpira kwenye simu iliyoning'inizwa juu yake. Alipoona watu watatu wamesimama kati ya vitanda viwili, aliizima.

Fabian aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Dominiko. Alisema kwa Kiingereza cha polepole kwamba hakuna atakayefukuzwa, hakuna atakayeadhibiwa, ila wanahitaji kujua ukweli. Je, amekuwa akimpa Harun chakula chake cha jioni?

Dominiko alifumba macho. "Ndiyo, bwana daktari," alisema, kwa Kiingereza. "Samahani sana."

"Kipi? Kila siku?"

"Si kila siku."

"Siku zipi?"

Hapo Dominiko alifumbua macho, akamtazama Kawira, si Fabian. Kawira aliitikia kwa kichwa kumpa moyo, kama mwalimu anayejua jibu. Naye Dominiko, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri kabisa, ambaye alikuwa akikitumia mpaka dakika ile, alikiacha.

"Madam," alisema, "acha niseme kwa Kiswahili, huyu mzee asielewe. Ni zile siku zako."

Dominiko aliendelea kabla Kawira hajatia neno.

"Zile za Wakio tunakula zote. Zikiwa mbaya tunamwambia. Mwanzoni tulimwambia hii ni simiti, unataka kujenga wapi? Akacheka, akaandika, akabadilisha. Akabadilisha tena mpaka ikakuwa fiti. Lakini wewe, Madam, mimi nitakuambiaje? Wewe ndiye ulinitafutia hii nafasi. Mama yangu akilazwa Kakamega, ni wewe ulisimama mbele ya kanisa ukamwombea. Mtu kama huyo akikupikia utasema nini? Kutema siwezi, kurudisha sahani nusu ni kukuaibisha mbele ya wauguzi. Nikamwambia Harun, wewe hunaga shida na chakula, nisaidie."

"Mimi sikuona ubaya, Madam," akasema Harun kutoka kitanda cha tano, akiangalia dari. "Nilijua ni riziki tu."

Chupa, Kawira akawaza. Ilimjia bila kuitafuta, kama jina la mtu uliyemsahau. Chupa huandikwa tarehe ya kufungwa. Mtu akikosa chakula cha jioni leo, mkojo wa usiku huo uko kwenye chupa inayofungwa kesho saa moja asubuhi, na tarehe inayoandikwa ni ya kesho. Chakula cha tarehe kumi na saba kinasomeka kwenye chupa ya kumi na nane. Kanuni hiyo aliitunga yeye, miaka sita iliyopita, kwa mkono wake. Alimfundisha Virginia wiki ya kwanza, akamwambia asije akaisahau hata akiamshwa usingizini. Na yeye, kwa hamu ya kumwona msichana ameanguka, alisoma tarehe kama mtu asiyewahi kuiona chupa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Anasema nini?" Fabian aliuliza. Alimtazama Kawira, kwa sababu wodini ni Kawira ambaye siku zote alimtafsiria.

Hapo, kabla Kawira hajafungua mdomo, Virginia alisema kwa Kiingereza, haraka, "Anasema hakumbuki ni siku zipi, Daktari. Anasema ni mara moja moja tu, ovyo ovyo."

Dominiko aliangalia ukuta. Harun aliangalia dari. Virginia alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva, maana hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Wote watatu walikuwa wamefungua mlango, na wote watatu walikuwa wakingoja Kawira apite.

Angepita mtu mwingine. Angeshukuru kimya kimya, akasahihisha karatasi zake jioni, akampikia Virginia pilau Ijumaa. Lakini Kawira alimtazama yule msichana, akaona kwamba hata sasa, hata katika hili, yeye ndiye mwema. Alikuwa na chakula kizuri, alikuwa na jina la nyumbani, alikuwa na kicheko, na sasa alikuwa na huruma pia, anamgawia. Hilo Kawira hakuweza kulimeza.

"Sivyo alivyosema," alisema kwa Kiingereza. "Amesema ni chakula changu. Cha Virginia wanakila chote. Changu amekuwa akimpa Harun, kwa kuogopa kuniambia. Na zile karatasi nilizokupa nimezisoma vibaya. Nimekosea tarehe za chupa."

Watakaosema alisema ukweli kwa sababu ya uchaji wa Mungu, waseme. Sisi tunajua.

Fabian hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliandika kwamba kitanda cha nne na cha tano vitolewe katika hesabu ya lishe, akamshukuru Kawira kwa uaminifu wake, neno ambalo lilimchoma kuliko yote, na baada ya chakula cha mchana akamwita Virginia ofisini peke yake. Virginia alitoka humo macho mekundu. Alimkuta Kawira kwenye chumba cha mizani akasimama mlangoni.

"Dada, amesema hata siku sitini hangoji, niende mimi. Nimemwambia siwezi kwenda. Nimemwambia ni wewe umengoja."

"Utaenda."

"Dada—"

"Utaenda, Virginia. Mimi chakula changu kimemshinda mlinzi wa Industrial Area, nitampelekea nani huko juu? Funga huo mlango, baridi inatoka."

Virginia aliufunga, akiwa upande wa nje.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa ya witiri. Ilikuwa zamu ya ndengu. Kawira hakuwaachia wauguzi. Alisukuma toroli mwenyewe, akavuta kiti kando ya kitanda cha nne, akaketi na karatasi na kalamu. Alikuwa ameamua. Kama msichana wa juzi ameweza kusikia kwamba chakula chake ni simiti, yeye angeshindwa na nini?

Alimkabidhi Dominiko kijiko. Dominiko alichota, akaweka mdomoni, akatafuna polepole. Alimeza kwa bidii, akanyoosha mkono kutafuta maji.

"Sasa niambie," akasema Kawira. "Sitakasirika. Kinakosa nini?"

Dominiko alifikiri. Ungeona kabisa kwamba anajitahidi. Paji lake la uso lilikuwa na jasho. Alimtazama yule mama aliyemwombea mama yake, akiwa ameshika kalamu, amevaa koti lake jeupe, anangoja.

"Hakikosi kitu, Madam," alisema. "Kiko sawa kabisa. Asante."

"Dominiko."

"Kweli, Madam. Mungu akubariki."

Alimgeukia Harun. Harun alisema yeye hana neno.

Kawira aliinuka, akaenda mpaka jikoni ambako Virginia alikuwa akikausha vijiko, kimya, bila kuimba. Hawakuwa wamezungumza tangu juzi yake, na hata garini asubuhi ile walisikiliza taarifa ya habari kama wageni.

"Nenda kawaulize," akasema Kawira. "Mimi hawaniambii."

Virginia alikausha mikono, akachukua daftari lake, akaenda. Kawira alimfuata kwa hatua za pole akasimama nje ya pazia, upande ambao hakuna aliyeweza kumwona. Mwanzoni alisikia minong'ono. Kisha sauti ya Dominiko ikasema, "Wakio, mimi nitakuambia ukweli, hii kitu ni kama mtu amechemsha gazeti." Harun akasema hapana, gazeti lina wino, lina ladha. Wakataja rangi yake, harufu yake, jinsi inavyoteleza kooni kabla hujaamua kuimeza. Dominiko akasema kwao hata ng'ombe akipewa hii angekuita pembeni akuulize amekukosea wapi. Virginia alijaribu kutocheka, akashindwa, na wote watatu wakacheka.

Kawira alikuwa ameegemea ukuta, karatasi juu ya kiganja, akiandika. Ladha hakuna. Harufu ya karatasi. Inateleza. Aliandika kila neno kwa mwandiko wake mzuri wa mtu wa takwimu, na machozi yalipomjia aliyafuta kwa kiwiko ili wino usitawanyike. Kila tusi lilipotoka upande wa pili wa pazia alimwonea Virginia wivu upya, kwa kuwa lilikuwa la Kawira, la chakula chake mwenyewe, na aliyetukanwa usoni, kwa raha na kwa kuaminiwa, alikuwa mtu mwingine.